Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kukadiria Nova Hulipuka Mara Ngapi kwa Mwaka Katika Galaksi

Tangu nianze kupokea hesabu za nova kutoka kwa wasomaji, wengi wao wanafunzi na wapenzi wa anga wa hapa Nairobi, nimekutana na kosa moja ambalo hujirudia bila kuchoka. Mtu hufungua orodha ya nova zilizogunduliwa katika galaksi ya Andromeda, huhesabu ngapi zimo, hugawanya kwa idadi ya miaka, kisha huniandikia jibu kana kwamba kazi imekwisha. Alichopima ni bidii ya watu waliokuwa wakiitazama Andromeda, na galaksi yenyewe haimo katika hesabu hiyo.

Angalia pengo linaloweza kutokea. Halton Arp aliichunguza Andromeda kwa usiku 290 kati ya mwaka 1953 na 1955, akapata nova 30, na akakadiria nova 26 hivi kwa mwaka. Mwaka 2006 Matt Darnley na wenzake walikadiria 65 kwa galaksi hiyo hiyo. Andromeda haikubadilika katika nusu karne; kilichobadilika ni namna ya kuhesabia zile zilizowapita watazamaji.

Mwongozo huu unahusu namna hiyo ya kuhesabu. Ninachukulia kwamba msomaji anajua nova ni nini: kibete cheupe kinachovuta haidrojeni kutoka kwa nyota mwenzake hadi gesi hiyo inapowaka kwa nyuklia na kulipuka juu ya uso wake, huku kibete chenyewe kikibaki na kuanza kukusanya upya. Kwa sababu kibete hubaki, tunachohesabu hapa ni milipuko, wala si nyota. Jambo hilo litatusumbua katika Hatua ya 6.

## Vinavyohitajika

- Kompyuta yenye programu ya majedwali. Simu haitoshi, nimeona watu wakijaribu.
- Picha za galaksi moja zilizopigwa usiku mbalimbali. Zinaweza kuwa zako mwenyewe, au za hazina za wazi kama zile za Zwicky Transient Facility, ambayo hupiga picha anga la kaskazini mara kwa mara na kufikia magnitudo (kipimo cha uangavu wa nyota) 20.5 hivi.
- Tarehe na saa ya kila picha, pamoja na za picha ambazo hazikuonyesha nova yoyote. Hizi ndizo watu husahau kuzitunza.
- Ramani ya nyota za kulinganishia ambazo uangavu wake unajulikana, kama zinazotolewa na AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika.
- Umbali wa galaksi na uangavu wake katika mwanga wa infraredi wa bendi ya K, kutoka katalogi ya 2MASS.

Ikiwa unapiga picha mwenyewe, darubini ya kipenyo cha sentimita 20 hadi 30 yenye kamera inatosha kwa Andromeda, mradi utoke nje ya mji. Taa za Nairobi hula nova hafifu kabla hujafungua kifuniko cha darubini. Wanaokwenda upande wa Magadi hurudi na picha za aina nyingine kabisa.

## Hatua ya 1: Chagua galaksi inayofaa

Usianze na Njia Nyeupe, ingawa ndiyo nyumbani. Tumo ndani yake, na vumbi la bapa lake hutuzibia sehemu kubwa. Nova zinazogunduliwa humo ni karibu 10 kwa mwaka, lakini makadirio ya karibuni yanatofautiana sana: 50 katika kazi ya Shafter ya mwaka 2017, 44 hivi katika kazi ya De na wenzake ya mwaka 2021 waliotumia mwanga wa infraredi, na 26 katika kazi ya Kawash na wenzake ya mwaka 2022. Ikiwa wataalamu wenye mitambo ya anga lote wanatofautiana hivyo, mwanafunzi asijitwike mzigo huo kwa kuanzia.

Nairobi iko digrii 1.3 kusini mwa ikweta, na hii ni neema ambayo watazamaji wa Ulaya hawana. Andromeda hupanda kwetu hadi digrii 47 juu ya upeo wa kaskazini, galaksi ya M33 hadi digrii 58, na Wingu Kubwa la Magellan hadi digrii 21 hivi upande wa kusini. Galaksi ya M87 hupita karibu juu ya utosi, digrii 76.

Hata hivyo, ratiba ya mvua haikuulizwa. M87 huwa katika nafasi nzuri kabisa mwezi Machi na Aprili, yaani masika yanapoanza kumwaga. Andromeda huwa juu usiku wa manane mwanzoni mwa Oktoba, kwa hiyo msimu wake hunyang'anywa na vuli, lakini Septemba hubaki na usiku kadhaa safi baada ya mawingu ya kijivu ya Julai na Agosti. Mapengo haya si balaa, kwani Hatua ya 5 iliundwa kwa ajili yake.

Baada ya kuchagua, tafuta nova itaonekana kwa magnitudo gani. Chukua umbali kwa parseki, tafuta logi yake ya msingi wa 10, zidisha kwa 5, kisha toa 5. Andromeda iko umbali wa parseki 780,000 hivi, yaani miaka nuru milioni 2.5, na hesabu hutoa 24.5, ambayo ni tofauti kati ya magnitudo inayoonekana na magnitudo halisi, yaani ile ambayo kitu kingekuwa nayo kikiwa umbali wa parseki 10. Nova ya kawaida hufikia magnitudo halisi ya takriban −7.5 kileleni, kwa hiyo kutoka hapa itaonekana kwa magnitudo 17.0. Kwa Wingu Kubwa la Magellan, lenye tofauti ya 18.5, nova hiyo hiyo itakuwa 11.0, na kwa M87, yenye 31.1, itakuwa 23.6.

Kumbuka kwamba katika kipimo hiki namba kubwa ni nyota hafifu. Ukiona namba ya M87 na darubini yako ni ya sentimita 20, iache; hiyo ni kazi ya Hubble, darubini iliyoko angani.

## Hatua ya 2: Andika daftari la usiku lisilo na utata

Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika mapema, na kwa sisi tunaosema Kiswahili kuna mtego wa ziada. Msomaji mmoja aliniletea daftari lenye maneno "Jumapili, saa nane usiku". Je, ni usiku wa kuamkia Jumapili, au ni usiku unaofuata mchana wa Jumapili? Alipoulizwa hakukumbuka, na picha ile ikawa na shaka ya siku nzima. Isitoshe, saa nane za usiku wa kuamkia Jumapili ni saa 23:00 za Jumamosi kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, na orodha zote za nova hutumia hizo.

Tiba yake ni kutumia siku ya Juliasi, ambayo ni hesabu ya siku mfululizo isiyojua mwezi wala mwaka. Siku hiyo huanza saa sita mchana kwa saa za kimataifa, yaani saa tisa alasiri kwa Nairobi, kwa hiyo usiku wetu mzima, kuanzia magharibi hadi alfajiri, hukaa ndani ya namba moja. Tengeneza safu wima nne: siku ya Juliasi, kikomo cha picha (tutakieleza katika Hatua ya 3), eneo lililopigwa, na maelezo ya hali ya hewa.

Utajua umefaulu ukiweza kumpa mtu mwingine jedwali hilo, naye akatoa tarehe moja kutoka nyingine bila kukuuliza swali lolote.

## Hatua ya 3: Pima kikomo cha kila picha

Kikomo ni magnitudo ya nyota hafifu kabisa ambayo picha inaionyesha kwa uhakika. Linganisha picha na ramani, shuka kutoka nyota angavu kwenda hafifu, na usimame kwenye nyota ambayo bado imezidi chenga za picha kwa mara tano hivi. Usisimame kwenye ile unayoiona kwa sababu ramani imekwambia ipo.

Pima kila picha peke yake. Usiku wenye mwezi mpevu na usiku wenye ukungu wa vumbi hutofautiana kwa magnitudo nzima au zaidi, na wastani wa msimu huficha tofauti hiyo.

## Hatua ya 4: Tafuta muda wa kuonekana

Muda wa kuonekana ni idadi ya siku ambazo nova hubaki juu ya kikomo cha picha yako. Tuseme picha zako za Andromeda hufika 18.5. Nova inayofikia 17.0 ina magnitudo 1.5 za kushuka kabla ya kukupotea. Ikiwa ni nova ya mwendo wa wastani inayoshuka magnitudo 2 kwa siku 25, basi hushuka 0.08 kwa siku, na 1.5 ukigawanya kwa 0.08 ni siku 19 hivi. Kupanda kwake huwa kwa haraka, kwa hiyo tunaweza kuupuuza muda huo wa kupanda.

Tatizo ni kwamba nova hazina mwendo mmoja. V1500 Cygni ya mwaka 1975 ilishuka magnitudo 2 kwa takriban siku 2 tu, ilhali HR Delphini ya mwaka 1967 ilikaa miezi ikisuasua karibu na kilele. Mtu akitumia siku 19 kwa zote, nova za haraka zitampita bila yeye kujua kwamba zilikuwapo.

Zamani ilifundishwa kwamba nova za haraka ndizo angavu zaidi, na wengine bado hujaza mapengo yao kwa kanuni hiyo. Mimi siishauri. Mwaka 2011 Mansi Kasliwal na wenzake walionyesha nova za Andromeda ambazo ni za haraka na pia ni hafifu, na mwaka 2016 Michael Shara na wenzake walizikuta kwa wingi katika M87. Hizo ndizo rahisi kabisa kukosa, na kanuni ya zamani inazifanya zisiwepo.

Njia ya kutoka ni mbili. Ya kwanza ni kupiga picha kupitia chujio la haidrojeni-alfa, kwa kuwa gesi iliyorushwa na mlipuko huendelea kung'aa katika rangi hiyo muda mrefu baada ya mwanga wa kawaida kufifia. Ya pili ni kutumia kundi zima la nova zinazojulikana vizuri badala ya moja ya kubuni: kwa kila nova katika kundi hilo tafuta muda wake wa kuonekana, kisha fanya Hatua ya 5 kwa kila mmoja na uchukue wastani wa muda wa lindo unaopatikana, yaani jumla ya siku ambazo picha zako zilikuwa zikiilinda galaksi. Ni kazi ya mchana mmoja kwenye jedwali.

## Hatua ya 5: Jumlisha muda wa lindo

Hii ndiyo hatua inayobeba mwongozo wote, kwa hiyo twende taratibu.

Mfikirie askari wa lango anayeamka mara moja moja usiku na kumulika tochi uani. Kama mwizi akiingia hukaa uani dakika kumi, basi kila tochi inapomulikwa humhakikishia askari dakika kumi zilizopita. Akimulika kila baada ya dakika tano, uwanja umelindwa muda wote. Akimulika kila baada ya saa moja, amelinda dakika kumi tu katika kila saa, hata kama atamwambia mwenye nyumba kwamba alikesha.

Picha yako ni tochi hiyo, na muda wa kuonekana ndio dakika kumi. Kanuni ni hii: kwa kila pengo kati ya picha mbili zinazofuatana, chukua namba ndogo kati ya urefu wa pengo na muda wa kuonekana. Jumlisha zote, kisha ongeza muda wa kuonekana mara moja kwa ajili ya picha ya kwanza, kwa sababu picha hiyo nayo inaonyesha nova zilizolipuka siku 19 kabla yake.

Tuchukue msimu wa mfano wenye picha sita: tarehe 3, 10 na 21 Septemba, 25 Oktoba, 2 na 30 Novemba. Mapengo yake ni siku 7, 11, 34, 8 na 28. Pengo la 34 ndilo la mawingu ya Oktoba. Kwa muda wa kuonekana wa siku 19, tunabakiza 7, 11, 19, 8 na 19, ambazo jumla yake ni 64. Ongeza 19 za picha ya kwanza, unapata siku 83, yaani mwaka 0.227.

Tazama kilichotokea kwa pengo la siku 34. Siku 15 kati yake hazikulindwa na mtu, na nova ya kawaida iliyolipuka tarehe 24 Septemba ingekuwa imefifia kabla ya picha ya tarehe 25 Oktoba. Mtu anayegawanya kwa mwaka mzima anadai alikuwa macho siku 282 ambazo kwa kweli alikuwa amelala.

Onyo moja. Ikiwa kikomo cha picha hubadilika usiku hadi usiku, muda wa kuonekana nao hubadilika, na kwa kila pengo utumie ule wa picha inayofunga pengo hilo. Picha ya usiku wa mwezi mpevu inayofika 17.2 tu italinda siku 2 au 3, wala si 19.

Utajua umefaulu ukiona kwamba muda wa lindo haujazidi siku za kalenda kati ya picha ya kwanza na ya mwisho ukijumlisha muda mmoja wa kuonekana. Katika mfano wetu kalenda ni siku 88, na 88 na 19 ni 107. Tulipata 83, kwa hiyo tuko salama. Ukipata zaidi ya hapo, kuna pengo ulilolihesabu mara mbili.

## Hatua ya 6: Safisha orodha ya nova

Sasa ndipo unapohesabu nova zenyewe. Toa picha moja kutoka nyingine ili kilichobaki kiwe kile kilichobadilika, kisha chuja.

Nyota zinazobadilika polepole, za aina ya Mira, hujitokeza kama nova kwa mtu asiye na picha za miaka iliyopita. Zikagundulika zilikuwapo mwaka juzi, zifute. Asteroidi husogea, kwa hiyo piga angalau picha mbili kwa usiku mmoja zikiwa zimeachana kwa saa moja. Tahadhari hii ni muhimu zaidi kwa M87 kuliko Andromeda, kwa sababu M87 iko karibu zaidi na njia ya sayari. Supanova za galaksi za mbali nyuma ni adimu, lakini spektra, yaani mwanga uliotawanywa katika rangi zake, huzitofautisha mara moja.

Baada ya hapo kuna suala la marudio, na hapa programu ya kufuta marudio inaweza kukuharibia kazi. Nova moja ikiripotiwa na watu wawili kwa viwianishi vya anga (namba za mahali ilipo) vinavyotofautiana kidogo, iandike mara moja. Lakini katika Andromeda kuna nova iitwayo M31N 2008-12a, ambayo hulipuka karibu kila mwaka mahali pale pale. Kila mlipuko wake ni tukio linalojitegemea na huhesabiwa. RS Ophiuchi katika galaksi yetu nayo ililipuka mwaka 1985, 2006 na 2021, na mtu aliyefuta "marudio" angebaki na mmoja. Tazama tarehe kabla ya kufuta, usitazame mahali peke yake.

Katika mfano wetu, tuseme zimebaki nova 4.

## Hatua ya 7: Sahihisha eneo na ukamilifu

Kamera yako huenda haikuona galaksi nzima. Kadiria ni sehemu gani ya mwanga wa galaksi iliyomo ndani ya picha, ukitumia mwanga badala ya eneo la mraba, kwa kuwa nova hufuata wingi wa nyota na nyota zimejazana katikati. Tuseme picha zetu zina asilimia 60 ya mwanga wa Andromeda.

Halafu kuna nova zilizokuwa ndani ya picha, zilizokuwa juu ya kikomo, na bado hukuziona. Nyingi huzama katika mwanga wa kiini. Ili kuzikadiria, panda nyota bandia 200 ndani ya picha zako kwa programu, zitawanye kama mwanga wa galaksi ulivyotawanyika, kisha mwombe mtu mwingine azitafute kwa njia ile ile uliyotumia wewe. Akipata 140, ukamilifu wako ni asilimia 70. Usizitafute mwenyewe, mkono uliopanda unajua mbegu ilipo.

Zidisha 0.60 kwa 0.70 upate 0.42. Maana yake ni kwamba hata ulipokuwa macho, ulikuwa ukiona chini ya nusu ya kilichotokea.

Uzito wa sahihisho hili unaonekana vizuri katika kazi ya Shara juu ya M87. Picha za Hubble zilipigwa karibu kila siku kwa siku 72, zikatoa nova 41, baadhi zikiwa za uhakika na nyingine za kudhaniwa. Ukigawanya 41 kwa siku 72 za mwaka unapata 208. Kadirio lililochapishwa ni 363, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na galaksi kuwa kubwa kuliko picha. Kabla ya hapo, kazi ya Shafter na wenzake ya mwaka 2000, iliyotumia picha chache za kutoka ardhini, ilikuwa imeipa M87 nova 91.

## Hatua ya 8: Gawanya, na utoe mipaka

Gawanya idadi ya nova kwa muda wa lindo, kisha kwa sahihisho la Hatua ya 7. Nova 4 kwa mwaka 0.227 ni 17.6, na 17.6 kwa 0.42 ni 42 hivi kwa mwaka.

Usiandike 42 peke yake. Kwa idadi ndogo, bahati hucheza sana: ukiona matukio 4, wastani wa kweli unaweza kuwa popote kati ya 2.1 na 7.2 kwa uhakika wa asilimia 68. Pitisha mipaka hiyo katika mgawanyo ule ule, utapata kati ya 22 na 75. Kwa hiyo jibu ni 42, likiweza kushuka hadi 22 au kupanda hadi 75, na ndani ya upana huo makadirio ya Arp na ya Darnley yote mawili yanaingia. Msimu mmoja wa picha sita hauwezi kuwaamulia wawili hao, na anayedai umeamua hajapitia hatua hii.

## Hatua ya 9: Linganisha galaksi kwa haki

Wasomaji wengi huniuliza kwa nini M33 ina nova 2.5 tu kwa mwaka ilhali M87 ina mamia. Jibu la kwanza ni ukubwa: M87 ina nyota nyingi mno. Ili kulinganisha kwa haki, gawanya kiwango cha nova kwa mwanga wa galaksi katika bendi ya K, ambao huwakilisha vizuri wingi wa nyota za zamani na hausumbuliwi sana na vumbi.

Magnitudo halisi ya Jua katika bendi hiyo ni 3.28. Toa kutoka kwake magnitudo halisi ya galaksi, zidisha kwa 0.4, kisha pandisha 10 kwa kipeo hicho. Galaksi ya −23.3 hutoa 3.28 na 23.3, yaani 26.58, mara 0.4 ni 10.63, na hiyo ni mwanga wa Majua bilioni 43. Kama galaksi hiyo ina nova 9 kwa mwaka, basi ni nova 2.1 kwa kila Majua bilioni 10.

Galaksi nyingi zilizopimwa huangukia kati ya 1 na 3 kwa kipimo hiki, na jibu lako likitoka 40, rudi Hatua ya 5 kabla ya kumwambia mtu. Yaliyo nje ya safu hiyo ndiyo yenye utamu. Przemek Mróz na wenzake, kwa kutumia picha za mradi wa OGLE, walipata nova 2.4 kwa mwaka katika Wingu Kubwa la Magellan na 0.9 katika Wingu Dogo, namba ambazo ni ndogo kwa macho lakini, zikigawanywa kwa mwanga, huzidi galaksi nyingine mara mbili hadi tatu.

Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba mawingu hayo yana vibete vyeupe vizito zaidi, vilivyotokana na nyota zilizozaliwa karibuni, na kibete kizito huhitaji haidrojeni kidogo ili kulipuka, kwa hiyo hurudia upesi. Ni maelezo mazuri. Hata hivyo M87 ni galaksi ya nyota kuukuu, na kwa kadirio la 2016 nayo imepanda juu ya safu ya kawaida, kwa hiyo mimi husita kulifunga jambo hili kwa umri wa nyota peke yake. Inawezekana kabisa kwamba galaksi nyingine zimepewa namba ndogo kwa sababu picha zao ziliachana siku nyingi mno.

## Ukikosa nova kabisa

Hutokea, hasa kwa galaksi ndogo, na wengi hutupa data zao kwa aibu. Usizitupe. Ukiona matukio sifuri, wastani wa kweli hauzidi 3 kwa uhakika wa asilimia 95, kwa hiyo weka 3 mahali pa idadi ya nova na ugawanye kama kawaida. Kwa lindo letu la mfano, 3 kwa 0.227 kisha kwa 0.42 ni 31, na unaandika "chini ya 31 kwa mwaka".

Ukitaka kushusha kikomo hicho hadi 10 kwa kamera ile ile, unahitaji lindo la siku 261 hivi. Kwa misimu yenye mawingu kama ule wa mfano, hiyo ni mitatu na kipande, kwa hiyo panga misimu minne kabisa na uweke akiba ya betri.